Mnyama Asiye na Manyoya

Binti yangu alikuwa na mzio wa kila kiumbe chenye manyoya, na wifi yangu alikuwa na kipaji cha kuleta nyumbani kwangu viumbe vyenye manyoya. Ukitaka kuelewa uhasama wetu, hayo yanatosha. Mengine nitakayosimulia ni raha yangu tu.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka ya Tukuyu, ambayo tulizoea kuyaona na rafu tupu, yalijaa sabuni za rangi, redio za kaseti na viatu vya plastiki, na kila aliyeweza kununua robota la mitumba akawa mtu wa kusikilizwa. Wifi yangu alinunua robota. Kabla ya hapo alikuwa dada mkubwa wa mume wangu. Baada ya hapo akawa dada mkubwa wa mume wangu mwenye meza sokoni, na hakukuwa na jambo, kuanzia ubatizo mpaka ndama kuharisha, ambalo ukoo uliliamua bila yeye. Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari mwenye digrii, hali ambayo miaka hiyo iliwatia watu huruma.

Tuliishi mtaa wa Bagamoyo, hapo hapo mjini Tukuyu, kwenye nyumba yenye sebule moja, vyumba viwili, na jiko la mbao lililosimama peke yake uani, hatua mbili kutoka ukuta wa sebule, likitazama migomba. Mume wangu alifanya kazi kiwanda cha chai kwa zamu. Binti yetu alikuwa ndiyo kwanza anaanza shule. Akikaribia paka, macho yalivimba kama ya mtu aliyepigwa. Kisha pua ilifuata, kisha kifua kikaanza kupiga filimbi. Daktari alinitajia vitu vya kuepuka: paka, mbwa, sungura, kuku ndani ya nyumba, blanketi la sufu.

"Sasa amebakiwa na nini?" nikamuuliza.

"Na wewe," akasema.

Wifi alikuwa na maoni mengine. "Mzio ndiyo nini?" aliniuliza, siku ya kwanza niliyotumia neno hilo mbele yake. "Sisi tumelala chumba kimoja na ndama, wifi, na kifua changu hiki hapa. Huyo mtoto mmemkalisha kwenye sakafu ya saruji mpaka amelainika. Ni ugonjwa wa vitabu huo. Atafutiwe mnyama, azoee."

Sasa lazima nieleze habari ya baba mkwe, maana bila yeye wifi asingeniweza.

Kwa Wanyakyusa wa umri wake, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Mkamwana hamtazami mzee usoni, hataji jina lake, hakai naye chumba kimoja. Nilikulia Masukulu, nikimwona mama yangu akitupa mzigo wa kuni na kuzama migombani kila babu alipotokea njiani. Nilipofika chuo kikuu niliandika insha ndefu kuhusu desturi hiyo, nikaikosoa kwa maneno makali, nikapata alama nzuri. Kisha nikaolewa, na mimi nikaanza kuzama migombani. Nilikuwa hodari kuliko mama, kwa sababu mimi nilizama nikiwa nimevaa viatu vya visigino.

Baba mkwe mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alikuja kwetu mara chache, na alipofika karibu alikohoa barabarani kwa adabu, ili nipate muda wa kutokea mlango wa nyuma. Lakini wifi aligundua kwamba baba yake ni kufuli. Alipotaka kuitawala nyumba yangu kwa siku moja, alimchukua mzee kutoka kwake Kawetele, akamketisha sebuleni kwangu, na mimi nikawa nimefungiwa jikoni mpaka waondoke. Kutoka kule niliwasikia wakikagua mapazia.

Jumapili ninayoisema, mume wangu alikuwa kwenye zamu. Tulikuwa tumetoka kanisani, mvua inanyesha ile mvua yetu isiyojua kukatika. Nikasikia kikohozi barabarani, nikachukua sufuria ya ndizi na kwenda kukaa uhamishoni. Binti alibaki ndani, kwa sababu mjukuu na babu hawana tatizo lolote, wanaruhusiwa hata kutaniana.

"Njoo, mtoto wa kaka yangu," nikamsikia wifi. "Njoo uone shangazi amekuletea nini."

Binti yangu akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu.

"Wifi," niliita kupitia mbao za jiko, "ni kitu gani hicho?"

"Zawadi ya mtoto. Wewe pika."

"Kina manyoya?"

"Kina uhai, wifi. Ivisha ndizi, mzee ana njaa."

Kisha nikasikia mlio mwembamba wa paka mchanga. Nikasimama. Nikasikia chafya ya kwanza, halafu nyingine.

"Wifi, mtoe mtoto nje."

"Anacheka huyo."

"Huko si kucheka."

"Mwalimu, hapa siyo darasani. Mwache mtoto azoee."

Mzee alikuwa amekaa hapo hapo. Sikuweza kumwomba chochote, maana hata kupitia ukuta sikuruhusiwa kumsemesha. Filimbi ikaanza. Niliijua filimbi ile kama wengine wanavyojua kengele ya kanisa lao. Mwanzoni ilikuwa ndefu, kisha ikawa fupi, kisha ikawa fupi sana, na katikati yake hakukuwa na kitu.

Nilijifunika khanga kichwani nikaenda. Hapo elimu yangu ilinisaidia kufikiri. Nilijiambia kwamba nikiingia kinyumenyume, mimi sitamwona mzee, na yeye ataona mgongo tu, kwa hiyo desturi itakuwa imevunjika nusu. Niliingia kwa mgongo. Nililenga mahali ilipotoka sauti ya mtoto. Nikagonga stuli, chupa ya chai ikaanguka na kupasuka, nikateleza juu ya chai hiyo, na nikakaa. Nilikaa kwenye magoti ya baba mkwe.

Sijui nilikaa kwa muda gani. Mzee alitoa sauti kama mtu aliyemwagiwa maji ya mto. Mimi niliinuka, nikamnyakua mtoto, paka akaruka kwenye mapazia yaliyokuwa yakikaguliwa, na nikakimbia na mvua mpaka hospitali. Walimchoma sindano, wakamvutisha dawa ya mvuke, na jioni alikuwa amekaa kitandani akiuliza paka ana jina gani.

Ukoo uliitana Kawetele wiki hiyo hiyo. Nilidhani kikao ni cha mtoto. Kilikuwa cha magoti.

Kwa kuwa mzee alikuwa ndani, mimi nilikaa nje chini ya upenu, nimeegemea ukuta, nikisikiliza kesi yangu kupitia dirishani kama mtu anayesikiliza mpira kwenye redio. Wifi alipewa nafasi ya kueleza. Alieleza vizuri, kwa sauti yake ya sokoni. Alisema mtoto alikuwa akicheza kwa furaha. Alisema filimbi hakuisikia. Kisha akasema kwamba ninavyopenda kuonyesha kuwa mila za kwao ni ushenzi, nilipoingia nilimfinya mtoto ili alie, nipate sababu.

Nilisubiri mume wangu aseme kitu. Alisema, "Dada, hilo la kufinya hatuna hakika nalo." Hatuna hakika nalo. Tumeishi vizuri tangu wakati huo, lakini sentensi hiyo bado ninayo.

Uamuzi ulitoka. Mimi nilipe kuku wa kumsafishia mzee. Na paka je? Hapo ndipo wifi alipojifunga mwenyewe, ingawa siku hiyo ilionekana amenifunga mimi. Alisema kwamba katika ukoo wao zawadi ya shangazi haitupwi wala hairudishwi hivi hivi. Kama haimfai mtoto, inabadilishwa: wazazi watafute mnyama mwingine, shangazi ampokee kwa mikono miwili mbele ya baba yake, amkabidhi mtoto kwa baraka, ndipo amchukue wa kwanza. Mpaka hapo, paka abaki kwetu.

"Ndivyo ilivyo," mzee akasema.

"Sasa akatafute," wifi akasema, na nilijua anaelekeza maneno dirishani. "Mnyama gani hana manyoya, wifi? Utamletea mtoto kambale ambebe mgongoni?"

Wakacheka. Walicheka wote, na mume wangu nilimsikia humo ndani, kicheko kidogo cha pembeni. Nilikaa pale upenuni, matone ya mvua yakinipiga kwenye vidole vya miguu, na nikaona kwamba nimeacha kuumia. Nilikuwa nafanya hesabu ya wanyama.

Paka nilimlaza jikoni. Tulikuwa wahamishwa wawili. Lakini ilitosha upepo kuvuma kutoka uani, binti akaamka asubuhi macho yamevimba, na nikawa nafunga madirisha mchana kweupe. Kila siku ambayo sikupata mnyama ilikuwa siku ya kifua chake.

Nilianza na samaki. Nilimleta kwenye beseni, akazunguka, binti akamtazama kwa adabu na kuuliza, "Sasa namshikaje?" Chura alishikika vizuri, lakini aliruka akaingia chini ya kabati, na tulimsikia tu, hatukumwona tena. Konokono tulikaa naye siku nzima. "Ameamka?" binti aliniuliza kila alipopita. Kuna mtu wa Kyela aliyeniahidi kobe. Nadhani kobe huyo bado yuko njiani.

Nikaenda sokoni kununua vitunguu. Miaka hiyo kila kitu kilikuwa bidhaa, na wiki hiyo sokoni kulikuwa na kijana aliyevaa koti refu la mvua, amekaa peke yake, na kumzunguka uwanja mtupu ambao ungetosha meza kadhaa. Watu walipita mbali. Alikuwa ananunua vinyonga. Watoto wa vijijini chini ya mlima walimletea vinyonga hao wakiwa wameng'ang'ania fimbo, naye akawatia vinyonga kwenye mifuko ya kitambaa.

Kwetu kinyonga haguswi. Ukimkuta njiani, unatafuta njia nyingine. Akionekana nyumbani, watu wanaanza kuulizana nani anaumwa. Nilisimama mbali, kama msomi.

"Mnawapeleka wapi?"

"Dar, mama. Halafu Ulaya."

"Wanatengeneza dawa?"

"Wanawafuga. Wanawaweka kwenye sanduku la kioo, sebuleni."

"Kwa nini wasifuge paka, kama watu?"

"Wapo wanaofuga paka. Wengine wakimshika paka wanavimba."

Niligeuka kumtafuta wifi. Meza yake ilikuwa imehama. Kwa kawaida ilikuwa karibu na hapo, lakini sasa ilikuwa imesukumwa mpaka mwisho wa soko, karibu na mtaro, na yeye amekaa ametupa mgongo upande wetu. Mama muuza vitunguu akaniambia bila kuulizwa: "Wifi yako tangu jana anataka yule kijana afukuzwe. Anasema nguo zake zitaingia nuksi. Jana kinyonga mmoja alianguka kutoka kwenye fimbo karibu na meza yake, wifi yako akapanda juu ya robota akashindwa kushuka."

Nimesoma vitabu vingi vinavyoeleza furaha. Hakuna hata kimoja kilichogusa nilichokihisi pale na vitunguu mkononi.

Kulikuwa na tatizo moja. Na mimi nilimwogopa kinyonga kama yeye tu. Nilichagua dume lenye pembe tatu usoni, kijani, kama fahali aliyechongwa na mtu ambaye fahali amemsikia tu kwa watu. Nilimbeba nyumbani kwenye kikapu nikiwa nimenyoosha mkono mbele yangu, kikapu kikitangulia. Uani nilivaa soksi ya mume wangu mkononi ili nimtoe. Nikamgusa, nikapiga kelele, nikarudi. Nikajikumbusha neno "kufinya." Nikamgusa tena. Nikajikumbusha kicheko cha pembeni. Sijui watu wasio na kisasi wanapata wapi ujasiri.

Nilikuwa bado napambana na soksi binti alipotoka shuleni. Aliinama, akaweka kidole mbele ya kinyonga, akasubiri. Kinyonga naye akawaza, jicho moja likimtazama yeye na jingine likitazama migomba, kisha akanyoosha mguu na kukikamata kidole. Nilikimbilia dawa. Nilisimama na dawa mkononi wakati binti anamsogeza puani, shavuni, shingoni. Hakupiga chafya. Macho yalibaki macho.

"Mama, hana manyoya kabisa."

"Hana."

"Na ananishika," akasema. "Siyo mimi ninayemshika. Yeye ndiye ananishika mimi."

Mtoto huyu maisha yake yote alikuwa ameambiwa usiguse. Nilijisemea kwamba ningemchagua kinyonga huyo hata kama wifi angekuwa hamwogopi. Nadhani ni kweli. Nafurahi kwamba sikulazimika kujua.

Mume wangu aliporudi kutoka zamu alichungulia kikapuni, akarudi hatua nyuma, akakaa.

"Hii siyo zawadi. Hii ni vita."

"Ana manyoya?"

Akafikiri. "Hana."

"Basi waite."

Walikuja Jumapili. Kikohozi kikasikika, nikatoka mlango wa nyuma, na nilipokwisha kufunga mlango wa jiko ndipo nilipotambua nilichokuwa nimekisahau katika mipango yangu yote. Nisingeona kitu. Kisasi changu kingefanyika sebuleni kwangu, mbele ya baba mkwe, na mimi ningekuwa jikoni na mwiko. Nilibandika sikio kwenye mbao.

"Haya," mzee akasema. "Mmepata mnyama?"

"Tumepata, babu," binti akasema.

"Ni samaki?" wifi akauliza, sauti imejaa kicheko tayari. "Haya lete samaki wako, mwanangu, shangazi ambariki."

"Siyo samaki. Nyoosha mikono, shangazi."

Nilisikia kitambaa cha kikapu kikitolewa. Kisha viti viwili vikaburuzwa kwa pamoja.

"Baba," wifi akasema.

"Namwona."

"Baba, huyu hapokelewi."

"Desturi uliisema wewe mwenyewe," mzee akajibu. Sauti yake sasa ilitoka mbali, na nikaelewa kwamba alikuwa amesimama nje ya mlango wa mbele. "Mikono miwili."

"Baba, mimi nina biashara."

"Mbona mtoto amemshika?"

Najua wifi alivyokuwa na kiburi. Angeweza kukimbia, lakini habari ingefika sokoni kabla yake, na kikao cha ukoo kisingemsikiliza tena kama zamani. Akanyoosha mikono. Nilijua amenyoosha kwa sababu nilisikia pumzi yake ikibadilika. Mwanzoni ilikuwa ndefu. Kisha ikawa fupi, kisha ikawa fupi sana, na ikaanza kupiga filimbi.

"Anapanda," wifi akanong'ona. "Anapanda mkono. Mtoe."

"Ukimvuta ataumia, shangazi. Anakushika tu." Sauti ya binti yangu ilikuwa tulivu kama ya muuguzi. "Pumua. Polepole. Vuta kwa pua, toa kwa mdomo. Mimi huwa nafanya hivyo."

"Siwezi."

"Unaweza. Ngoja nihesabu."

Nilikuwa karibu sana na mlango wa nyuma. Hakukuwa na kitu kilichonizuia kuingia isipokuwa desturi, na hiyo nilikuwa nimeshaivunja na kuilipia kuku. Nikazigeuza ndizi zisishike chini.

Mwisho nilisikia sauti ndogo ambayo sikudhani wifi anayo ikisema, "Shika, mwanangu. Awe wako." Mume wangu akamletea paka ndani ya kikapu. Waliondoka bila kula. Niliwatazama kwenye upenyo wa mbao wakipita nyuma ya migomba, yeye mbele akitembea na mkono mmoja umekaa mbali na mwili wake, kama si wake, na mzee nyuma.

Wifi hakuingia tena nyumbani kwangu kwa muda mrefu sana. Akiwa na ujumbe alisimama barabarani akaita. Baba mkwe naye, baada ya kukohoa, alibaki kwenye kibaraza, na mwanawe akamfuata huko na kiti. Kinyonga alikaa sebuleni dirishani, kwenye tawi la mti wa kahawa tulilolisimamisha ndani ya ndoo ya mchanga, akila nzi na panzi ambao binti alimkamatia, na mimi nilikaa kwenye kiti changu, mlango wa mbele ukiwa wazi, nikisahihisha madaftari. Madirisha nayo yalikuwa wazi. Mtoto alilala bila filimbi.

Watu wa umri wangu wanaoandika kumbukumbu hufika mahali wakasamehe. Nimepatafuta mahali hapo kwa uaminifu. Wifi amezeeka, anaumwa miguu, na tunasalimiana vizuri misibani. Lakini aliwahi kusema mbele ya watu kwamba nilimfinya mtoto aliyekuwa akikosa pumzi, na siku ile ya mikono miwili mimi sikuiona.

Ndiyo maana, baada ya siku ile, nilimsumbua binti. Kila jioni, kwa wiki kadhaa, nilimketisha nikamwambia anisimulie. Alikuwa msimulizi mzuri. Alionyesha vidole vilivyokuwa vinatetemeka, na jinsi shangazi alivyofumba jicho moja akaacha jingine. Mpaka jioni moja akasita.

"Mama, alikuwa analia. Bila sauti."

"Hukuniambia hilo."

"Nilimwonea huruma."

"Machozi yalifika wapi?"

Akagusa chini ya kidevu, taratibu, akinitazama.

"Anza tena," nikamwambia. "Anzia pale ulipotoa kitambaa."